Uzito Unaopotea Njiani: Safari ya Mifugo na Ubora wa Nyama



Hakuna jambo linalovunja chama cha wafugaji upesi kama tofauti ya mizani. Mwanachama anapimiwa nguruwe wake bandani jioni, anaandikiwa kilo 84, anarudi kwake akiwa ameridhika. Kesho yake mchana stakabadhi ya machinjio inarudi ikisema kilo 80. Hata kabla ya jua kuchwa neno limekwisha enea kijiji kizima kwamba katibu na dereva wamegawana kilo nne. Katibu anaapa, dereva anaapa, mnunuzi naye anaonyesha mizani yake iliyopigwa muhuri. Na mara nyingi wote watatu huwa wanasema kweli. Kilo hizo nne hazikuibwa na mtu. Zimepotea njiani, kwa sababu zinazojulikana na zinazopimika, na ambazo kwa sehemu kubwa zinaweza kuzuiwa.

Mazungumzo haya yanahusu sababu hizo. Mfano mkuu utakuwa nguruwe, kwa kuwa ndiye mfugo anayeumia upesi kuliko wengine kwa joto na kwa safari. Inaeleweka kwamba katika pwani hii, tangu Bagamoyo hadi Bunju, walio wengi ni Waislamu, na kwamba wamo wanachama ambao hawamgusi mnyama huyo wala hawapendi hata kumtaja. Wao nao wasidhani kuwa maneno haya hayawahusu. Ng'ombe na mbuzi wanafuata kanuni zile zile za mwili, na mahali pao pametengwa mbele.

Si ajabu kwamba ugomvi huzuka kwenye mizani, maana ushirika wa pamba katika nchi hii ulizaliwa hapo. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, ambao mwaka 1955 vyama vyao viliunganishwa katika Victoria Federation of Co-operative Unions chini ya uongozi wa Paul Bomani, walianza kwa dai moja dogo: kwamba mtu wao asimame pale pamba inapopimwa, kwani hawakuwaamini wanunuzi. Mwanachama wa leo anayemtilia shaka katibu wake kwa sababu ya kilo nne anafanya kile kile walichofanya wazee hao. Hana makosa. Anachokosa ni maelezo, na wajibu wa kumpa maelezo hayo ni wa chama.

Kwanza yafaa aelewe kwamba nguruwe mmoja ana uzito wa namna tatu. Upo uzito wa bandani, akiwa ameshiba na amekunywa maji. Upo uzito wa kufika, baada ya njaa na safari. Na upo uzito wa nyama iliyotundikwa, baada ya damu, matumbo na nywele kuondolewa, ambao kwa nguruwe aghalabu huwa kati ya asilimia 70 na 75 ya uzito wa kufika.

Na uchukuliwe mfano wa hesabu tu. Nguruwe 10 wanapimwa bandani, kila mmoja kilo 80. Jumla kilo 800. Wakikaa bila chakula tangu jioni hadi mchana wa siku ya pili, na katikati pakawa na safari ya jua, kupungua kwa asilimia 4 si jambo la kushangaza. Hizo ni kilo 32, yaani karibu nusu ya nguruwe mmoja, na hakuna aliyeiba hata robo kilo. Wanafika wakiwa na kilo 768. Wakichinjwa na kutoa asilimia 72, zinapatikana kilo 553 za nyama. Mwanachama ambaye hakuelezwa hatua hizi anasikia 800, anasikia 553, anatoa, anapata 247, kisha anakwenda kumtafuta mwenyekiti.

Katika saa za mwanzo kinachopungua ni choo na mkojo tu, na hapo hapana hasara kwa yeyote. Lakini mnyama akipitisha kiasi cha saa 18 hadi 24 bila chakula, mwili wenyewe huanza kujila, na uzito unaotoka sasa ni wa nyama na mafuta. Joto likiwa kali, maji nayo yanatoka mwilini kwa kutweta. Kwa hiyo muda wa njaa una mipaka yake miwili. Tangu chakula cha mwisho hadi kisu, saa 12 hadi 18 zinafaa. Chini ya hapo tumbo limejaa: mnyama hutapika njiani, hufa kwa urahisi zaidi, na siku ya kupasuliwa utumbo uliojaa hupasuka upesi na kuichafua nyama. Juu ya hapo chama kinauza hewa. Maji ya kunywa hayana mpaka. Nguruwe asinyimwe maji wakati wowote mpaka anapopakiwa, na apewe tena mara anaposhuka.

Hapa lazima lisemwe jambo ambalo wanachama hulijua vizuri kuliko wakaguzi. Wapo wanaomshindilia nguruwe pumba zilizolowekwa usiku wa kuamkia mizani, ili aongezeke kilo tatu au nne. Ikiwa chama kinalipa kwa uzito wa bandani, basi chama kimenunua pumba kwa bei ya nyama, na hasara wanagawana wenzake waliopima kwa haki. Dawa yake si mahubiri. Dawa ni kupima wanyama wote wakiwa na njaa ya saa zile zile, alfajiri, wakati wa kupakia, mbele ya wenye mali. Na kulipa kwa uzito huo, au bora zaidi kwa uzito wa nyama iliyotundikwa. Chama kilichofuata utaratibu huo hakina haja ya kumkemea mtu.

Huo ni uzito, nao unaonekana kwa macho. Ipo hasara ya pili ambayo mizani haionyeshi, na ambayo mnunuzi huigundua kabla ya muuzaji: nyama kuharibika ubora wake kabla hata mnyama hajafa.

Ndani ya misuli ya mnyama aliye hai imo akiba ya sukari ambayo wataalamu huiita glaikojeni. Mnyama akishachinjwa, akiba hiyo hugeuka kidogo kidogo kuwa asidi ya laktiki, ile ile inayoyafanya maziwa yachachuke. Uchachu hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi. Nyama ya nguruwe aliyekufa ametulia huanza karibu na 7, ikashuka polepole huku ikipoa, na kufikia kesho yake imesimama kwenye 5.5 hadi 5.7 hivi. Uchachu huo mdogo una faida kubwa. Ndio unaoipa nyama rangi yake nzuri, ndio unaozuia vijidudu kuzaana upesi.

Sasa nguruwe huyo huyo akitishwa, akakimbizwa, akavutwa masikio na kupigwa katika dakika chache za mwisho, sukari yake huwaka kwa ghafla. Asidi inajaa misuli ilhali mwili bado una joto la nyuzi 38 au zaidi. Ndani ya dakika 45 pH imekwisha anguka chini ya 6. Joto na asidi vikikutana hivyo, ni kana kwamba nyama imeanza kupikwa ingali kwenye ndoano. Hupauka, hulegea, hushindwa kushika maji yake. Mwenye bucha akiiweka sinia usiku, asubuhi hukuta sinia limejaa maji mekundu membamba, na maji hayo aliyalipia kwa kilo. Ndiyo maana baadhi ya wanunuzi hupunguza bei bila kueleza sababu: wamekwisha lipia maji mara moja, hawataki kuyalipia tena.

Kinyume chake hutokea kwa mnyama aliyetaabika kwa muda mrefu. Aliyeshinda njaa, aliyepigana na wenzake usiku kucha, aliyesimama garini tangu alfajiri hadi alasiri, huyo sukari yake imekwisha kabla ya kisu. Akichinjwa hakuna cha kugeuka asidi. Siku ya pili pH bado iko juu ya 6. Nyama ni nyeusi, ngumu kushika, kavu juu, na inaoza mapema. Katika nchi za baridi zenye majokofu kila mahali hasara yake huwa ndogo zaidi. Katika pwani hii, ambako bucha nyingi huuza nyama iliyotundikwa tangu asubuhi hadi jioni, saa chache za uhai wa nyama ni tofauti kati ya kuuza na kutupa.

Kwa hiyo mateso mafupi huleta nyama ya maji, na mateso marefu huleta nyama nyeusi. Katibu akiyakumbuka hayo mawili tu, anaweza kuitazama nyama iliyokataliwa na kujua ni wapi safari yake iliharibika, kwenye mlango wa machinjio au barabarani.

Ipo pia sababu ya kuzaliwa. Tangu miaka ya 1950 wataalamu wa Denmaki walikwisha iona nyama hii iliyopauka kwa nguruwe wao wa Landrace, na mwaka 1991 watafiti wa Kanada walionyesha kasoro moja ya urithi inayomfanya nguruwe asiweze kuvumilia mshtuko hata kidogo. Mwenye kasoro hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili anaweza kuanguka na kufa kwa kuhamishwa banda tu. Imeenea zaidi katika jamii ya Piétrain, na imeonekana katika baadhi ya Landrace. Chama kinachonunua dume la mbegu kimuulize muuzaji habari hiyo. Lakini isiwe kisingizio. Nguruwe walio wengi wanaoharibika njiani hawana kasoro yoyote ila ile ya kupakiwa vibaya.

Nguruwe ni mnyama asiyetoka jasho la kumtosha kujipoza. Hana njia ila kutweta, kulala mahali pabichi, au kugaagaa kwenye tope, na tope lile ambalo watu humsimanga kwalo ndilo feni yake. Nguruwe mkubwa huanza kutaabika joto likipita nyuzi 25 hivi. Katika mwambao huu, wakati wa kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, mchana hufika nyuzi 31 au 32 na hewa imejaa unyevu, jambo linalofanya hata kutweta kusisaidie sana. Ina maana kwamba kwa miezi hiyo hakuna saa ya mchana ambayo ni salama kumsafirisha. Miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, ina nafuu, lakini asubuhi yake tu.

Umbali si mkubwa. Toka Bagamoyo hadi Dar es Salaam ni kilomita zisizozidi 80, na barabara ni ya lami. Hatari haimo katika mwendo bali katika kusimama. Gari likienda, upepo unapita kati ya wanyama na kuondoa joto lao. Likisimama juani, joto la miili iliyosongamana hupanda kwa dakika chache. Kila dereva wa njia hiyo anaifahamu foleni ya kuanzia Bunju na Tegeta mpaka Mwenge. Gari linalotoka Kerege au Mapinga saa moja asubuhi linaifikia foleni jua likipanda, na wanyama waliopakiwa wakiwa wazima wanaanza kufunua midomo na kuinua vichwa. Gari lile lile likitoka saa tisa usiku linafika kabla ya mji kuamka. Gharama ya petroli ni ile ile. Kinachotakiwa ni dereva, mwenye mali na mlinzi wa machinjio wakubali kuacha usingizi, na mapatano hayo katibu ayafanye siku mbili kabla, ili gari lisifike likakuta lango limefungwa.

Wakati wa joto wanyama walowanishwe maji kabla ya kuondoka, na sakafu ya gari iwekwe mchanga uliolowana badala ya majani makavu. Mchanga huzuia kuteleza na huwapoza tumbo. Turubai lifunikwe juu tu, ubavuni pabaki wazi. Ikiwa nguruwe ameanguka kwa joto, asimwagiwe ndoo ya maji baridi kwa ghafla wala asilazimishwe kusimama. Apelekwe kivulini, apepewe, anyunyiziwe maji polepole kuanzia miguuni. Wengi wanaokufa hapo huuawa na haraka ya kuwasaidia.

Kuhusu nafasi, sheria ya nchi za Umoja wa Ulaya hairuhusu nguruwe wa kilo 100 wapakiwe zaidi ya kilo 235 kwa kila mita moja ya mraba, na hutaka nafasi iongezwe hadi asilimia 20 hali ya hewa ikidai. Kenta yenye sakafu ya mita 4 kwa 2, kwa kipimo hicho, inabeba nguruwe 23 wa kilo 80. Ikiongezwa nafasi ya joto, 19. Wenye magari yao wataona hesabu hiyo ni ya anasa, kwa kuwa wamezoea kushindilia zaidi. Lakini kipimo chenyewe ni rahisi na hakihitaji sheria ya Ulaya: kila mnyama aweze kulala kwa wakati mmoja na wenzake bila mmoja kulala juu ya mwingine. Gari lililojaa mno huua. Na gari lenye nafasi tupu kubwa nalo huwarusha huku na huku kwenye matuta, kwa hiyo mbao za kugawanya zinahitajika.

Mbao hizo zina kazi nyingine inayouhusu ushirika moja kwa moja. Nguruwe wa mabanda tofauti wakikutanishwa hupigana mpaka ijulikane nani mkubwa. Hung'atana mabegani na masikioni, ngozi ikajaa michirizi, na sukari ya misuli ikateketea kwa vita. Mfugaji mmoja mwenye banda moja hana tatizo hilo. Chama ndicho chenye tatizo, kwa sababu kuuza kwa pamoja maana yake ni kuchanganya wanyama wa watu wengi katika gari moja. Faida ambayo wanachama wameipata katika nauli na bei wanaweza kuipoteza yote kwa ugomvi wa nguruwe wasiofahamiana. Kwa hiyo wanyama wa kila mwanachama wawe katika kigawanyo chao, tangu bandani hadi kwenye zizi la machinjio. Mikono ya mbao tatu na misumari michache huzuia vita, na papo hapo kila nguruwe anajulikana ni wa nani, pasiwe na mabishano ya alama za rangi zilizofutika. Isipowezekana kuwatenga wote, basi wachanganywe garini wakati wa kupakia, wala si usiku ule kwenye zizi.

Kupakia ndiko kunakovunja mioyo ya watu na ya wanyama. Nguruwe hapandi mteremko mkali. Mbao ya kupandia isizidi nyuzi 20, iwe na vipande vya kukanyagia, na ubavu wake uzibwe asione pembeni. Vyama vinavyouza mara kwa mara vijenge kichuguu cha udongo kilichosindiliwa, kimo cha sakafu ya gari, kazi ya siku moja ya kujitolea ambayo hudumu miaka. Mtaalamu wa Marekani, Temple Grandin wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, amekaa miaka mingi akitazama ni vitu gani vinavyowasimamisha wanyama njiani, na aliyoyakuta ni madogo ya kuchekesha: mnyororo unaoning'inia, kivuli cha mlingoti, dimbwi linalong'aa, shati lililotundikwa ukutani. Mtu haoni kitu. Mnyama anaona shimo au adui. Badala ya kumpiga, na aondolewe kile anachokiogopa. Aidha nguruwe hupenda kutoka gizani kwenda penye mwanga, kwa hiyo taa moja iliyowekwa ndani ya gari, isiyommulika machoni, inafanya kazi ya vijana wanne wenye fimbo. Nyuma yake asimame mtu mmoja na ubao mpana. Fimbo, mikuki ya miti na kuvuta mkia viachwe. Kila pigo linaonekana kwenye ngozi baada ya maji moto, na mkaguzi wa nyama hulikata na kulitupa.

Ipo namna ya usafiri ambayo haina la kutetewa, nayo ni ya bodaboda. Nguruwe hufungwa miguu minne, akalazwa mgongoni kwa pikipiki au kushindiliwa katika tenga, akapelekwa juani huku akipiga kelele njia nzima, na mara afikapo anachinjwa. Ni nafuu kwa anayeuza mmoja, na ni kielelezo kamili cha nyama ya maji iliyoelezwa hapo juu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, akiwa safarini au penginepo. Chama kisilipe nauli ya namna hiyo kutoka katika fedha za wanachama, hata ikiwa ndogo kiasi gani.

Wakishafika, wapumzike saa mbili hadi tatu kivulini, wawe na maji, wasichokozwe. Muda huo unatosha kutuliza damu. Kuwaacha mpaka kesho bila chakula kunaharibu zaidi kuliko kusaidia. Kisha kila mmoja aingizwe kwa utaratibu, azimishwe fahamu kwa pigo au umeme uliowekwa sawasawa, na damu itolewe mara moja. Hayo ni kazi ya machinjio. Wajibu wa chama ni kuchagua machinjio yanayoifanya vizuri na kumtuma mtu akashuhudie.

Kwa wenye ng'ombe na mbuzi, mambo ni haya. Ng'ombe aghalabu hatoi nyama ya maji; ugonjwa wake ni ile nyeusi. Wanaotoka mbali, Shinyanga au Dodoma, kuja mnada wa Pugu na machinjio ya Vingunguti, na hata wanaotembezwa toka Vigwaza na pembezoni mwa Ranchi ya Ruvu, hufika sukari ya misuli imekwisha. Na tofauti na nguruwe, ng'ombe huirudisha kwa siku kadhaa za kula na kutulia, si kwa saa. Madume wasiofahamiana wasiwekwe zizi moja hata kwa usiku mmoja, kwa kuwa hupandana na kusukumana mpaka asubuhi. Mbuzi huvumilia joto kuliko wote, lakini kufungwa miguu na kurundikwa juu ya kapu la basi huwavunja mbavu na kuijaza nyama damu. Kuchinja kwa taratibu za Kiislamu hakuondoi haja ya utulivu. Tena mafundisho yenyewe ya dini yanataka kisu kiwe kikali na mnyama asitishwe.

Jambo moja la gari halina budi kusemwa wazi kwa ajili ya amani ya vyama. Gari lililobeba nguruwe lisibebe mbuzi wala ng'ombe wa wanachama wengine bila wenyewe kujua. Ni haki yao kuheshimiwa, na chama kinachoficha jambo hilo kitagawanyika siku litakapofichuka. Penye chama chenye wafugaji wa aina zote mbili, mikataba ya magari iwe mbalimbali, na katika daftari ionekane hivyo.

Kulisafisha gari kuna sababu nyingine pia, nayo ni homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huo, ulioandikwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, hauna tiba. Haumpati binadamu, lakini huua karibu kila nguruwe anayeupata, na kirusi chake hukaa katika damu, kinyesi, mbao za gari, viatu na hata nyama iliyokwisha chinjwa. Kati ya mwaka 2010 na 2012 uliingia Mbeya na kuenea mpaka mikoa ya mashariki, na njia yake kubwa ilikuwa barabara. Ngiri na nguruwe wa porini, ambao wapo katika nyika za Saadani na bonde la Wami, huubeba bila kuugua. Uvumi wa homa ukisikika, wafugaji hukimbilia kuuza usiku kwa bei yoyote, na wanyama wanaosafirishwa kwa hofu hiyo ndio wanaoupeleka ugonjwa kwa jirani. Kwa hiyo hakuna kupakia bila kibali cha afisa mifugo, na gari lioshwe kwa sabuni, likauke, lipigwe dawa kabla halijarudi kwenye banda la mtu mwingine.

Yanayobaki ni ya daftari. Kwa kila safari katibu aandike: saa ya chakula cha mwisho, saa ya kupakia, uzito wa kila mnyama alfajiri hiyo na jina la mwenye mali, namba ya gari na ya kibali, saa ya kuondoka na ya kufika, uzito wa kufika, uzito wa nyama, na kilichokatwa na mkaguzi pamoja na sababu yake. Mwanachama mmoja asiye kiongozi asindikize kila safari kwa zamu, na atie sahihi. Baada ya safari sita au saba chama kitaujua upungufu wake wa kawaida, uwe asilimia 2, 3 au 4, na siku unaporuka kufika 7 kila mtu ataona kwamba kuna lililotokea, na saa zilizoandikwa zitaonyesha ni wapi. Daftari la namna hiyo humlinda katibu mwaminifu. Na kama yupo asiye mwaminifu, humfichua bila mtu kupaza sauti.

Mwisho kuna swali ambalo vyama vingi huliahirisha mpaka siku ya msiba: nguruwe akifa njiani, hasara ni ya nani? Likiachwa, wenye nguvu hulimaliza kwa sauti. Lipelekwe mkutano mkuu mapema, na liamuliwe kwa kura kabla gari la kwanza halijaondoka. Baadhi watapendelea hasara iwe ya mwenye mnyama. Lakini yeye hakuchagua saa ya gari wala dereva. Lililo karibu zaidi na haki ni kila mwenye mnyama katika safari ile kutoa kiasi kidogo kwa kila kichwa, kiwekwe katika mfuko wa safari, na mfuko huo umlipe aliyepoteza, isipokuwa itakapothibitika kwamba mnyama alipakiwa mgonjwa au ameshibishwa. Mzoga wenyewe hauuzwi, haugawanywi kwa wapakiaji, wala hautupwi kando ya barabara. Unafukiwa, na afisa mifugo anaarifiwa siku ile ile.